Huyo Mama Anaimba Kanisa Gani?

Mwaka juzi, likizo ya Pasaka, nilikwenda Morogoro kumsalimu shangazi yangu. Jioni tulikuwa uani, yeye na ungo wa mchele mapajani, anachambua, mimi nimeegemea mwembe nasikiliza bendi ya roki ya AC/DC kwenye simu. Spika ya simu ni ndogo, besi yote humezwa, kinachobaki ni gitaa na ile sauti ya mwimbaji wao, Brian Johnson: ya juu, kali, inakwaruza kama msumeno kwenye mbao kavu. Shangazi akasimamisha mikono. Akasikiliza kiitikio mpaka kikaisha, kisha akaniuliza kwa dhati kabisa: "Huyo mama anaimba kanisa gani?"

Nikamwambia, "Si mama, Shangazi. Ni mzee wa Kiingereza, anavaa kofia bapa. Wala haimbi kanisani."

Hakunikubalia. "Mwanangu, mimi nipo kwaya miaka thelathini na moja. Mama aliyekesha nikimsikia, namjua."

Akarudi kwenye mchele wake. Mimi nilirudi Dar na swali lake, na halijaniacha hadi leo. Sauti hiyo naipenda tangu kidato cha pili. Kaka wa rafiki yangu alikuwa na kanda mbili za roki zilizochakaa, tunazirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili tusimalize betri. Siku zote niliamini nilichokuwa nimesoma hapa na pale, kwamba uimbaji ule ulianzishwa na vijana wa Kiingereza wenye nywele ndefu mwishoni mwa miaka ya 1960, Robert Plant wa bendi ya Led Zeppelin akiwa mbele yao. Shangazi, ambaye hajawahi kulisikia jina la Plant, alisema mambo mawili kwa pumzi moja: sauti hii ni ya mwanamke, na imetoka kanisani. Nimeifuata nyuma, mwimbaji kwa mwimbaji, na ninaandika haya kwa sababu nimekuta kwamba yote mawili ni kweli.

Nianze na huyo mzee wa kofia. Mwaka 1973 Brian Johnson alikuwa anaimba na bendi iitwayo Geordie, ya kaskazini mashariki mwa Uingereza. Usiku mmoja walipanga onyesho na bendi nyingine ambayo mwimbaji wake alikuwa Bon Scott, kijana aliyezaliwa Uskoti akakulia Australia. Bon alimwona Johnson akipiga mayowe kwa nguvu zake zote, mara akaanguka jukwaani, akagaagaa sakafuni huku bado anapiga ukelele. Alivutiwa mno. Baadaye, akiwa mwimbaji wa AC/DC, aliwasimulia wenzake habari za mtu yule, akamfananisha na Little Richard. Asichokijua ni kwamba Johnson usiku ule alikuwa na kidole tumbo, na kule kugaagaa kulikuwa maumivu matupu.

Bon Scott alifariki Februari 1980. Wenzake wakakumbuka maneno yake, wakamtafuta Johnson, wakarekodi naye Bahamas, na Julai mwaka huohuo albamu ikatoka. Mimi hadithi hii naipenda kwa sababu ya jambo moja. Bon alikuwa mtu wa kazi hiyohiyo, mwenye sikio zuri, na sauti ya mtu anayeumwa na sauti ya mtu anayeimba vizuri zilimfikia kama kitu kimoja. Na jina lililomjia kinywani ni la Little Richard.

Kwa hiyo twende Macon, Georgia, kusini mwa Marekani. Richard Penniman alizaliwa huko Desemba 1932, katika familia kubwa ya watu wa kanisa. Ujanani aliosha vyombo kwenye stendi ya mabasi. Tarehe 14 Septemba 1955 alikuwa studio New Orleans, na mambo hayaendi. Nyimbo alizoziimba asubuhi zilikuwa baridi. Walipokwenda kula mchana kwenye klabu ya jirani, alikuta piano, akaipiga na kuimba wimbo mmoja wa mizaha michafu aliokuwa akiuimba kwenye mabaa. Prodyuza akashtuka: ndiyo sauti aliyokuwa anaitafuta tangu asubuhi. Akaitwa mtunzi mwanamke ausafishe maneno haraka, na muda wa studio ulipokuwa ukielekea kuisha, wakarekodi Tutti Frutti.

Usikilize ukiwa na utulivu, ikiwezekana kwa hedifoni. Kuna mambo mawili ndani ya koo lile, na masikio yetu huyachanganya. La kwanza ni mkwaruzo: sauti imepanda juu lakini haijawa laini, ina mchanga ndani yake. La pili ni ile "wuu" anayoirusha mwishoni mwa mstari, pale sauti inapovunjika ghafla na kurukia kichwani, nyembamba na safi, kisha inarudi chini kwenye mchanga. Ni mruko wa nusu sekunde, lakini roki yote ya baadaye ilijifunza kuruka hapo.

Mruko huo Little Richard hakuubuni, na mwenyewe hakuwahi kuficha alikoutoa. Aliutoa kwa Marion Williams.

Jina hili ningependa lijulikane kama yanavyojulikana majina ya wanaume waliolifuata. Marion Williams alizaliwa Miami mwaka 1927. Mama yake alikuwa dobi. Mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 14 ili asaidie nyumbani, akafanya kazi za ndani na za kufua nguo za watu, na Jumapili anaimba kanisani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akajiunga na kundi la akina mama la Clara Ward huko Philadelphia, na karibu na mwaka 1950 akaongoza wimbo uitwao Surely God Is Able, uliopigwa kila mahali Wamarekani Weusi walipokuwa na redio au santuri. Ndani yake utamsikia akinguruma chini kama mhubiri wa kiume, halafu bila onyo anaruka juu, anapiga yowe la furaha, anashuka. Shangazi angesema huyu amekesha.

Mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Marion alipewa heshima kubwa ya Kennedy Center huko Washington, na miongoni mwa waliosimama kumwimbia alikuwemo Little Richard. Mfalme wa mayowe ya roki alikuwa anamshukuru mwalimu wake mbele ya taifa zima, na mwalimu ni mwanamke wa kwaya.

Na hakuwa mwalimu pekee. Mwaka 1947 Sister Rosetta Tharpe alikwenda Macon kuimba kwenye ukumbi wa mji. Richard, mwenye miaka 14, alikuwa anauza soda humo. Rosetta alimsikia akiimba nyimbo zake kabla ya onyesho, akamwita apande jukwaani aimbe mbele ya watu, kisha akampa pesa. Huyu Rosetta, binti wa mwinjilisti mwanamke wa Church of God in Christ, alikuwa anapiga gitaa la umeme na kuimba injili kwa sauti kali ya juu tangu vijana wa Kiingereza hawajajua kushika gitaa. Kanisa lake ni la Kipentekoste, lililoruhusu ngoma, matari na magitaa ibadani wakati makanisa mengine yaliona aibu. Mwaka 1964 alisimama kwenye jukwaa la stesheni ya treni iliyofungwa, mjini Manchester, koti zito mwilini, mvua imetoka kunyesha, akaimba na kupiga gitaa huku hadhira imekaa ng'ambo ya reli. Picha zake zipo, na ilirushwa kwenye televisheni ya Uingereza. Tazama nyuso za vijana wale ng'ambo ya reli. Wazungu watupu, na wengi hawajawahi kuona kitu cha namna hiyo.

Tukirudi kwenye "wuu". Paul McCartney alikuwa akimwiga Little Richard tangu akiwa mwanafunzi, na mwaka 1962 bendi yake, The Beatles, ilipanda naye jukwaa moja, Uingereza na Hamburg. Mwaka uliofuata sauti hiyo ilisikika nchi nzima, wasichana wakizimia kila vijana wale wanapotikisa vichwa na kusema "wuu". Ilitoka kwa binti aliyekuwa akifua nguo za watu Miami.

John Lennon, mwenzake McCartney kwenye bendi, alichukua kile cha kwanza, mkwaruzo. Tarehe 11 Februari 1963 walirekodi nyimbo kumi kwa siku moja, na Lennon alikuwa na mafua. Ukabaki mmoja, Twist and Shout, uliotamba mwaka mmoja nyuma kwa sauti za Isley Brothers, ndugu wa Cincinnati waliolelewa kwenye injili. Ulikuwa usiku. Lennon akanywa maziwa, akameza peremende za koo, akauimba, na ile mara ya kwanza ndiyo tunayoisikia hadi leo. Koo lilikuwa limekwisha. Lakini utaona kwamba alichokiimba kwa koo lililokwisha kilikuwa na mfano tayari. Alijua koo lililokwisha linapaswa kuliaje, kwa kuwa alikuwa amewasikiliza watu waliolelewa kanisani wakilifanya hivyo kwa makusudi.

Hapo ndipo panaponigusa zaidi, nami nitakaa hapo kidogo.

Nilipokuwa na miaka tisa shangazi alinichukua kwenye mkesha. Saa mbili usiku kwaya iliimba vizuri, sauti ya kwanza mahali pake, ya nne mahali pake, kila mtu na sare yake. Saa tisa usiku jenereta lilizimika. Vipaza sauti vikafa. Watu wamechoka, watoto wamelala chini kwenye kanga. Shangazi akaanzisha pambio, bila kipaza sauti, gizani. Sauti yake ilikuwa imekauka tangu saa sita, lakini hakuishusha, aliipandisha. Ilipofika pale ambapo sauti ya kawaida ingekatika, ikaingia kitu kingine, mkwaruzo, kama karatasi inayochanwa, na juu ya mkwaruzo huo noti yenyewe ilikuwa palepale, haijapotoka hata kidogo. Watu wakaamka, waliolala wakasimama. Nakumbuka nywele zilinisimama mikononi. Sikuogopa. Nilijua tu kwamba shangazi amefika mahali ambapo hajifichi tena.

Hicho ndicho walichokifanya waimbaji wa injili wa Marekani waliotembea na vikundi vya wanaume wanne watano, mji hadi mji, katika miaka ya 1940 na 1950. Wimbo unaanza taratibu, sauti zimepangwa vizuri. Kisha wenzake wanaganda kwenye neno moja, wanalirudia na kulirudia, na kiongozi anatoka mbele anaendesha. Anapanda. Anaita, anaitikiwa. Kazi yake ni kusukuma mpaka watu wapagawe kwa Roho, na hana haki ya kukaa chini kabla halijatokea. Archie Brownlee, kipofu aliyesoma shule ya Piney Woods huko Mississippi, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Aliongoza Five Blind Boys of Mississippi. Angeimba kwa utulivu, halafu katikati ya sala anaachia yowe moja la juu lililokatika mwishoni, nalo likawafanya watu kuanguka. Alikufa Februari 1960 akiwa na miaka 34 tu. Ray Charles alimsikiliza kwa makini sana. Ukimsikia Ray akipasua sauti, unamsikia Brownlee. Mwingine, Julius Cheeks wa Sensational Nightingales, alikuwa na koo la changarawe, na Wilson Pickett, aliyeanza kwenye injili kabla ya kwenda kwenye muziki wa soul, alimfuata hatua kwa hatua.

Kuna jambo dogo nililogundua ambalo lilinifurahisha kama mtu aliyeokota pesa kwenye koti la zamani. Huko Houston, Texas, mfanyabiashara mmoja Mweusi, Don Robey, alianzisha kampuni ya santuri mwaka 1949, akaiita Peacock, yaani tausi. Kampuni hiyo moja ilirekodi akina Brownlee. Ilirekodi akina Cheeks. Mwaka 1953 ilimrekodi Little Richard, kabla hajawa mtu. Na ndiyo iliyomrekodi Big Mama Thornton, ambaye namjia sasa hivi. Yaani yowe la kanisani na yowe la baa vilitoka kwenye kabati moja, na aliyenunua santuri Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi alisoma nembo ileile ya tausi.

Willie Mae Thornton, Big Mama, alizaliwa Alabama mwaka 1926, mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye sauti inayonguruma na kufoka. Hound Dog ulikuwa wake kwanza: aliurekodi Agosti 1952, ukakaa nambari moja kwa wiki saba kwenye chati ya muziki wa Weusi mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya Elvis. Baadaye akatunga Ball and Chain. Wimbo huo ndio Janis Joplin, msichana Mzungu kutoka Port Arthur, Texas, aliousimamisha nao ulimwengu kwenye tamasha la Monterey, Juni 1967. Mtazame Janis kwenye picha zile: miguu inapiga chini, sauti inapasuka vipande viwili vitatu kwa wakati mmoja. Kila alichokifanya kwa koo lake siku ile kina asili kwa Big Mama, naye Janis alisema wazi alikojifunzia. Miezi michache kabla ya kufa kwake mwaka 1970, alichangia pesa za kuweka jiwe kwenye kaburi la mwimbaji wa blues Bessie Smith, lililokuwa limekaa bila jina tangu 1937. Lakini haki za Ball and Chain zilikuwa zimebaki mikononi mwa kampuni iliyourekodi mara ya kwanza na kuufungia kabatini, kwa hiyo pesa za mauzo ya Janis hazikumfikia mama aliyeutunga kama zilivyostahili. Jambo hili huniuma kila nikiusikia wimbo huo.

Upande wa mabaa nitaupita haraka, ingawa una watu wake. Big Joe Turner alikuwa mhudumu wa baa Kansas City, anaimba huku anamimina vinywaji, bila maiki, juu ya saksafoni na vicheko vya walevi. Watu wa namna yake waliitwa wapiga mayowe wa blues, na jina hilo halikuwa tusi. Kabla yao alikuwepo Blind Willie Johnson wa Texas, aliyerekodi kati ya 1927 na 1930 nyimbo za dini kwa sauti iliyokwaruza kama jiwe la kusagia. Mmoja wa nyimbo zake uko kwenye chombo cha Voyager kilichorushwa angani mwaka 1977. Na nyuma yao wote yako mayowe ya mashambani, watu waliotumikishwa kwenye pamba, kila mmoja mbali na mwenzake, wakiitana kwa sauti ya juu, kwa sababu sauti ya juu husafiri.

Mtu anaweza kuniambia: basi imetoka Afrika, ni yetu. Nami ningependa iwe hivyo, lakini sitaki kuichukua kirahisi. Wengi wa waliosafirishwa kwenda mashamba yale walitoka magharibi na magharibi ya kati ya bara hili, si pwani yetu. Mkwaruzo tunao pia, na tunauheshimu. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, hakuwa na sauti laini hata siku moja, na Zanzibar nzima ilimwita malkia. Lakini alichokifanya mama wa Miami kwa koo lake ni kazi yake na ya kanisa lake, iliyopikwa mahali pale, kwenye dhiki ile.

Sasa hao wenye nywele ndefu. Mwaka 1962 Jim Marshall alianza kutengeneza amplifaya dukani kwake London, na kufika 1965 alikuwa anatengeneza za wati mia moja kwa ajili ya bendi ya The Who. Gitaa likawa na nguvu ya kufunika bendi nzima ya tarumbeta. Mwimbaji naye alikuwa na spika hafifu za ukumbi, na mara nyingi hakuwa na spika ya kujisikia mwenyewe. Sikio la binadamu hushika vizuri zaidi sauti za mitetemo kati ya elfu mbili na elfu tano kwa sekunde, na koo linalokwaruza juu hujaza eneo hilo hasa. Ukiimba chini na laini, gitaa linakumeza. Ukipanda na kukwaruza, unapita. Vijana wa Kiingereza walihitaji silaha, na silaha ilikuwa imekwisha kufuliwa na watu waliozoea kuimba bila umeme. Steve Marriott, kijana mfupi wa mashariki mwa London, ndiye niliyemwona akiishika mapema na kwa ustadi. Mwaka 1966 bendi yake, Small Faces, ilirekodi wimbo uliojengwa juu ya utunzi wa Willie Dixon, mtunzi wa blues wa Marekani, na miaka mitatu baadaye Robert Plant akautembelea wimbo uleule na Led Zeppelin. Dixon aliwashtaki, wakamalizana mwaka 1987. Plant ana sauti ya ajabu, simnyang'anyi kitu. Ninachosema ni kwamba alipofika, njia ilikuwa imekanyagwa.

Na hapa nieleze kilichonipata, kwa sababu kuna vijana wanaoniandikia kuuliza wafanyeje waimbe hivyo.

Nilipokuwa na miaka 24 niliimba na bendi ya hotelini Dar, usiku tatu kwa wiki. Kiongozi wa bendi alitaka mkwaruzo, akaniambia nikohoe kwanza ndipo niimbe, nilikwaruze koo. Nikafanya hivyo miezi mitano. Asubuhi nilikuwa siwezi kumwita konda. Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba puani, akanigeuzia skrini. Nikaziona nyuzi zangu za sauti: mikanda miwili myeupe, imekaa kama herufi V, inang'aa kama nyama ya dafu. Katikati ya kila mmoja palikuwa na kauvimbe, kadogo kama punje ya mtama. Kila zilipojaribu kukutana, vinundu vile ndivyo vilivyogusana kwanza, na hewa ikavuja pembeni. "Huu si mkwaruzo wa muziki," aliniambia daktari. "Hili ni jeraha." Nilikaa wiki mbili bila kusema neno, naandika kwenye daftari hata kuomba chumvi.

Kisha akanionyesha kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeokoka. Juu kidogo ya nyuzi zile, kulia na kushoto, kuna mikunjo mingine minene ya waridi. Wanaiita nyuzi za uongo. Katika kuongea kwa kawaida haifanyi kazi. Lakini mwimbaji anaweza kujifunza kuisogeza ndani kidogo mpaka itetemeke pamoja na nyuzi za kweli, na hapo mkwaruzo unatoka kwenye mikunjo, huku nyuzi za kweli zikiendelea kushika noti safi chini yake. Ndiyo maana sauti ya shangazi ilipasuka bila kupotoka.

Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa sauti ya Freddie Mercury wa bendi ya Queen, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, aliyeondoka na familia yake mwaka 1964. Walichambua rekodi zake, wakamchukua mwimbaji wa roki anayeweza kumwiga, wakampiga picha kooni kwa kamera ya zaidi ya fremu elfu nne kwa sekunde. Wakakuta nyuzi za uongo zikitetemeka mara moja kila nyuzi za kweli zinapotetemeka mara tatu. Na jambo lililonishangaza: kwa jinsi alivyokuwa akiongea, Freddie huenda alikuwa na sauti ya wastani ya kiume, baritoni. Ule urefu wote aliupanda mwenyewe.

Nilirudi Morogoro Desemba. Safari hii nilikuwa nimepakua wimbo wa Marion Williams na akina Ward, na nilibeba spika ndogo yenye besi. Shangazi alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikamwamkia, nikaweka spika juu ya ndoo, nikabonyeza bila kumwambia kitu. Kiingereza hajui. Lakini wimbo unakwenda kwa mwendo wa tatu tatu, na kufika beti la pili mbuzi ya nazi ilikuwa inakwenda nao. Marion aliponguruma chini, akatikisa kichwa. Aliporuka, shangazi alinyoosha mkono wenye machicha, akanionyesha spika.

"Si nilikwambia ni mama?"

"Si yule, Shangazi. Huyu ni mwingine. Yule wa kofia alijifunza kwa aliyejifunza kwa huyu."

Alifikiri kidogo. Kisha akaufunga mlango wa jikoni kuzuia kelele za bodaboda, akakaa tena kwenye mbuzi yake, na kabla hajaendelea kukuna akatafuta kooni sauti ya pili, chini ya Marion, taratibu, mpaka akaipata.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Pale nilipochelewa kuingia."